Fundi Wake Yuko Wapi

Jumatatu, 21 Julai 2025. Ndani ya treni, Dar kwenda Dodoma

Narudi na furushi dogo la mipira ya pistoni, valvu na tepu ya mabomba. Mtoto wa darasa la tatu angeweza kulibeba. Vitu hivi vimenitoa Dodoma hadi maduka ya vyuma ya Gerezani, kwa sababu mkoani kwetu nimezunguka duka kwa duka na sikuvipata vya kipimo ninachotaka. Pampu iko kijijini na mpira wake uko Dar. Kila nikianza safari ya kikazi ya kukagua vifaa vya maji najikuta naifikiria hesabu hii.

Safari yenyewe ni raha siku hizi. Nimepanda Mchongoko, treni mpya ya umeme, na kwenye nyika ya Kilosa mwendo unafika kilomita 160 kwa saa. Reli ya Wajerumani ilianza kujengwa Dar mwaka 1905 na ikafika Dodoma 1910. Leo natoka pwani asubuhi, na chakula cha mchana nakula nyumbani.

Mbele yangu amekaa kijana aliyevaa feni shingoni, ile inayofanana na vipokea sauti, ingawa behewa lina baridi. Anaiwasha, anaizima, anaonekana ameipenda. Dada aliye kando yangu ana chupa ya chai ambayo kizibo chake kinaonyesha joto kwa namba ukikigusa. Ameniruhusu nikiguse: 61. Nami nimeipenda. Kutaka kujua joto la chai kabla ya kuungua ulimi ni haki ya kila mtu. Nikamuuliza betri ikiisha inabadilishwaje. Akakigeuza kizibo, akakitazama chini, juu, pembeni. Hakina skrubu wala mfuniko.

“Hakina mlango, kaka,” akasema. “Nadhani kikizima ndiyo basi.”

Mwaka jana, Julai 30, treni ya umeme ilisimama njiani na Shirika la Reli likaeleza kwamba linashuku ngedere na bundi kwenye nyaya. Watu mitandaoni walicheka sana. Mimi sikuona kichekesho. Waya ule unabeba volti 25,000, na mnyama akiunganisha waya na nguzo, umeme lazima ukatike ili mfumo ujilinde. Jambo ninalolithamini ni kwamba alikuwepo mtu aliyejua pa kwenda kutafuta hitilafu, na treni ikaondoka.

Jumatano, 23 Julai. Ng'ambo ya Mvumi

Upepo wa kipupwe umetupiga njia nzima. Pikipiki ilikuwa inaegemea upande kama mtu mlevi, vumbi jekundu mpaka masikioni.

Kijiji hiki kina kisima kirefu, pampu ya sola, na tangi juu ya mnara. Nimepanda ngazi kuangalia. Tangi limejaa. Sola inafanya kazi, pampu inafanya kazi, kisima kina maji. Kilichokufa ni kisanduku cha bombani, kile ambacho mtu anagusisha kitufe chake chenye salio, salio linakatwa, maji yanatoka. Viko viwili: kimoja kilizima kabla ya mavuno, cha pili kikafuata. Tangu hapo akina mama wamerudi korongoni kuchimba mchanga na kuchota kwa kata, na maji safi yako juu ya vichwa vyao, wanayaona yakifurika tangi likijaa.

Nimemkuta bibi mmoja ameketi kivulini na ndoo mbili tupu.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja kufungua au kuangalia?”

“Kuangalia kwanza, kisha kufungua.”

“Wenzako waliangalia.”

Nimekifungua kisanduku. Ndani, bodi ya elektroniki imezamishwa kwenye gundi nyeusi ngumu, yote, hadi kingo. Najua sababu: gundi inazuia unyevu na wizi. Lakini inamzuia na fundi. Hakuna namba ya simu, hakuna mchoro, kuna kibandiko kilichofifia kwa jua.

Niandike haki pia, maana nimeongea na mama mhazini wa jumuiya ya watumia maji kwa kirefu. Kabla ya visanduku, kila mwisho wa mwezi palikuwa na ugomvi. Fedha za ndoo zilikuwa zinakusanywa mkononi, na kila mtu alimshuku mwenzake. Visanduku vilimaliza ugomvi ule. Na mwanamke aliweza kuchota alfajiri bila kumsubiri msimamizi aamke. Mhazini anavisifu mpaka leo, na mimi namwamini. Ila sasa kuna salio la watu limekwama kwenye vitufe. Mjane mmoja ana shilingi 2,000 humo. Kwa ndoo ya shilingi 50, hizo ni ndoo arobaini za maji alizokwisha kuzilipia.

Nimeomba ruhusa ya kukichukua kisanduku kimoja. Mwenyekiti amekiandika kwenye daftari, nikatia sahihi.

Ijumaa, 25 Julai. Bahi

Leo moyo umetulia. Karibu na mbuga ya Bahi maji hayako mbali chini, na kuna pampu ya mkono aina ya Afridev ambayo mwangalizi wake ni binti wa miaka ishirini na kitu. Nilimpelekea mipira niliyotoka nayo Dar. Alifungua kichwa cha pampu kwa spana moja, akavuta fito moja baada ya nyingine, akaitoa pistoni, akabadilisha mpira, akarudisha. Mtoto alikuwa mgongoni muda wote. Bomba kubwa la chini halikuhitaji kung'olewa. Aliniomba nisimame pembeni, na nikasimama.

Pampu hii haikutokea hivyo kwa bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, miradi ya Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia ilijaribu pampu za mkono nchi mbalimbali, na huko Kwale, kusini mwa Mombasa, mafundi walikaa na wanawake wanaochota maji wakitazama kipi kinakatika, lini, na nani anakifikia kwanza. Waliobuni Afridev walianza na swali la kuharibika. Wakaamua kwamba sehemu zinazolika ziwe za plastiki ya bei ndogo, ziwe zinafikika, spana iwe moja. Na michoro wakaiacha wazi ili kiwanda chochote kitengeneze bila kumwomba mtu kibali.

Ina mpaka wake. Inavuta mpaka mita 45 hivi, na visima vingi vya nyanda hizi vinashuka kuliko hapo. Kule ng'ambo ya Mvumi isingefaa. Kwa hiyo sisemi turudi kwenye pampu za mkono. Ninachotaka ni wale wanaobuni visanduku wafanye kazi iliyofanyika Kwale.

Jioni nimekula ugali wa uwele na mlenda kwa mama wa binti yule. Mlenda ulikuwa na karanga. Sijala kitu kitamu hivyo mwezi mzima.

Jumamosi, 26 Julai. Kongwa

Nilikuwa na kikao Kibaigwa asubuhi, nikaona nisirudi bila kufika Kongwa yenyewe. Nilitaka kusimama pale.

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza hapa Mpango wa Karanga. Waingereza walikuwa wametoka vitani hawana mafuta ya kupikia, na wataalamu waliozunguka Tanganyika wakaona ardhi kubwa, watu wachache, wakasema mashine zitamaliza kazi. Mpango ulikuwa zaidi ya ekari milioni tatu. Mwaka wa kwanza walilenga ekari 150,000. Walizosafisha hazikufika hata 10,000. Januari 1951 serikali yao ikatangaza kuuacha. Fedha zilizopotea zinatajwa kuwa pauni milioni 36.

Ninachokifuatilia mimi ni mashine. Matrekta mapya hayakupatikana, yakanunuliwa yale ya jeshi la Marekani yaliyobaki Ufilipino baada ya vita, mengi yakiwa yameshaoza kwa kutu. Kampuni ya Vickers ikachukua vifaru vya Sherman, ikavigeuza kuwa matrekta na kuviita Shervick. Fikiria kifaru kinatumwa kung'oa kichaka cha Ugogo! Kabla ya mwaka ule wa 1947 kwisha, theluthi mbili ya matrekta yalikuwa hayafanyi kazi. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi haukubali jembe, na mchanga wake mkali ulisaga vyuma. Mibuyu iliwashinda. Spea zilitoka ng'ambo kwa meli, zikasubiri bandarini, zikasubiri treni, na mvua ya masika ilikuwa inakata reli. Watu waliajiriwa kuendesha mashine wiki chache baada ya kuziona kwa mara ya kwanza, na trekta likiharibika waliletewa lawama badala ya mafunzo.

Wagogo walikuwa wanalima uwele na mtama hapa na kufuga ng'ombe, kwa sababu walijua mvua ya nyanda hizi inaweza kukata Februari na isirudi. Ujuzi ule ulikuwepo siku zote. Ulikuwa unakaa nyumba ya jirani, na haukuulizwa. Nina uchungu na hilo kuliko na zile pauni.

Leo sehemu ya ardhi ile ni ranchi ya taifa. Na Kibaigwa kuna soko la nafaka linalojaa malori ya mahindi. Pembeni mwa soko nimetazama mashine za kupukuchua mahindi: fremu ya vyuma vya pembe iliyochomelewa hapohapo, pipa, shafti, mkanda, na injini ndogo ya Kichina. Kila mchomeleaji anazijua. Moja ilikata mkanda nikiwa nimesimama. Kabla muuza chai hajanirudishia chenji, ilikuwa inanguruma tena.

Jumapili, 27 Julai. Dodoma

Baada ya ibada nimepita makaburi ya Maili Mbili. Wamelazwa hapo wale ambao miili yao haikutambuliwa katika ajali ya Igandu, tarehe 24 Juni 2002. Treni ya abiria ilikosa breki, ikateremka kinyumenyume, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281.

Jumatatu nilipita Igandu kwa treni mpya na abiria wengi walikuwa wamelala. Ni vizuri walale. Lakini mimi ninayelipwa kukagua vitu sitaki kuzoea neno “hitilafu”.

Jumatatu, 28 Julai. Dodoma

Nimekipeleka kisanduku kwa fundi simu wa Majengo. Kibanda chake ni upana wa mlango, ana darubini ndogo, hita ya kupulizia, na makopo ya bodi za simu zilizokufa alizozipanga kwa aina. Hizo ndizo spea zake. Mwaka 2016, usiku wa Juni 16, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia nchi nzima, yeye alikuwa mwanafunzi wa fundi mwingine. Watu walikuwa wanabonyeza *#06# na kutuma namba ya utambulisho ya simu kwenda 15090 ili wajue simu zao zitaamka kesho au la. Anasema zile zilizozimwa bosi wake alizinunua kwa bei ya chee. Spika zake nzima, vioo vizima, chaji inaingia. Kilichokataliwa ni namba. Mpaka leo anachomoa vipande humo.

Ameitazama bodi yangu kwa muda mrefu bila kusema.

“Mzee, hii mtu aliitengeneza ili nisiione.”

Akapasha gundi kidogo kidogo, akaibandua kwa kisu cha plastiki. Kazi ya saa nne, na hakunitoza za saa nne. Tulichokuta ni betri iliyovimba na njia mbili za shaba zilizoliwa na chumvi. Maji ya visima vyetu yana chumvi, kila mtu wa Dodoma anajua kwa kutazama birika lake. Betri ameibadilisha kwa iliyotoka kwenye simu, njia akaziunga kwa waya mwembamba. Taa ikawaka. Kisha kisanduku kikaomba nywila ya mtengenezaji kabla ya kukubali kuanza kazi, na hapo tukakwama wote wawili.

Nimeandika barua pepe kuiomba nywila, na nimepiga simu. Wameniambia ombi langu limepokelewa.

Nikiwa pale nilimkumbuka marehemu baba na redio yake ya National. Betri zikichoka alikuwa anazianika juu ya bati mchana kutwa, jioni zinapata nguvu ya kusikiliza taarifa ya habari. Mama alikuwa anatukataza kucheza karibu na ngazi siku hiyo. Redio ile ilikuwa na kifuniko nyuma chenye skrubu nne, na nilijifunzia kushika bisibisi pale. Sijui watoto wangu watajifunzia wapi, maana kila kitu nyumbani kimeshonwa kwa gundi.

Alhamisi, 31 Julai. Usiku

Nimesoma tena habari za PlayPump. Ilianzia Afrika Kusini: bembea ya kuzunguka imefungwa juu ya kisima, watoto wanacheza, maji yanapanda tangini. Picha zake zinapendeza, na mwaka 2006 nchini Marekani ilitangazwa ahadi ya dola milioni 16.4 kuieneza. Bei ya moja ilikuwa kama dola 14,000. Mwaka 2009 gazeti la Guardian la Uingereza lilipiga hesabu: ili itoe maji yaliyoahidiwa, watoto wangehitaji kucheza saa 27 kila siku. Watoto wakiwa shuleni, mama zao ndio walikuwa wanaizungusha ile bembea kwa mikono, wameinama, jua kali. Na ikiharibika, kijiji hakikuwa na la kufanya. Mwaka 2010 shirika lililoisimamia likafunga kazi na kukabidhi zilizobaki kwa wengine.

Waliochangia walitaka heri, sina shaka nalo. Lakini naona kwamba kifaa kile kilimpendeza anayetoa fedha kuliko anayebeba ndoo, na hakuna mtu aliyemuuliza yule mama wakati bado kuna nafasi ya kubadilisha.

Jumatatu, 4 Agosti. Nzuguni, viwanja vya Nanenane

Umati, vumbi, muziki wa kila banda ukigombana na wa jirani. Nimefurahi. Napenda vitu vipya, nimevipenda tangu utoto, na Nanenane ni sikukuu yangu. Nimeona kiangulio cha vifaranga kinachogeuza mayai chenyewe, tochi yenye redio na chaja ya simu, blenda ya kuchaji inayosaga juisi mkononi, mtego wa nzi wa sola. Mbele ya kikamuzi cha alizeti kulikuwa na foleni ya wakulima wa Singida, na hawakuuliza habari ya rangi. Walikuwa wanauliza chujio linanunuliwa wapi.

Kwenye banda la kijana mmoja, mhitimu wa chuo kikuu cha hapa, kuna kisanduku cha maji cha kulipia kabla alichokiunda mwenyewe. Nikamuuliza fundi wake yuko wapi. Hakuelewa kwanza, akaniambia ofisi yao iko mtaa wa Kisasa. Nikasema namaanisha kikizima Haneti saa moja asubuhi, nani anafika na spana? Akakaa. Akanivutia kiti. Tumeongea mpaka mchana: bodi iwe kwenye boksi lenye mpira na skrubu badala ya gundi, betri iwe ya aina inayouzwa kila mji, nywila ikabidhiwe kwa jumuiya ndani ya bahasha, na zaidi ya yote, pembeni pawe na koki ya ufunguo, ili umeme ukikataa maji yasikatae.

Aliandika yote kwenye simu yake. Kuhusu ile koki alisita, akasema mwenye ufunguo anaweza kuiba maji. Nikamwambia anaweza, na kijiji kitamjua kwa jina. Amesema atafikiria. Nimempa namba ya fundi wa Majengo.

Jumatano, 6 Agosti. Ng'ambo ya Mvumi

Nywila haijaja. Jana mkutano wa kijiji uliamua wasiisubiri, na leo tumefanya kazi. Tumekata bomba chini ya kisanduku, tukaweka kiungio, tukatoa tawi lenye koki ya kawaida na mita ya kusoma kwa macho. Vijana wawili wa hapa wameshika spana, mimi nimeshika tepu. Mwenyekiti alitaka kutoa hotuba, wanawake wakamwomba atoe baadaye.

Kuhusu fedha, mhazini amepanga kwamba mita isomwe asubuhi na jioni mbele ya watu watatu tofauti kila siku, na namba iandikwe ubaoni kwa chaki. Hilo ni wazo lake, na ni bora kuliko nililokuwa nalo. Salio lililokwama wameliorodhesha jina kwa jina. Kila mmoja atachota bila kulipa mpaka liishe, na jumuiya itamdai mtengenezaji. Mjane ameanza na ndoo zake.

Bibi wa siku ile alikuja na wajukuu na ndoo nne. Nikamsalimia. Akaniuliza koki hii ikiharibika je. Nikamwonyesha kijana mmoja wa wale wawili, na ile mipira ya akiba niliyomwachia. Akamtazama kijana.

“Huyu? Huyu nampata hata usiku,” akasema, akaweka ndoo ya kwanza.

Kesho Manyoni, basi la saa kumi na mbili. Nibebe tepu, mipira ya inchi moja, spana ya pili, na nakala ya barua ya mapendekezo: mkataba wowote wa vifaa vya maji utaje kwa jina duka la spea lililo ndani ya mkoa, michoro ibaki kwa jumuiya, na mtu mmoja wa kijiji afundishwe kukifungua kifaa kabla ya malipo ya mwisho kutoka.